Buluu ya Gari la Baba

Baba alianza kulala nje ya nyumba yake baada ya lori la mchanga kuligonga gari lake. Yeye mwenyewe hakuguswa. Gari lilikuwa limeegeshwa palepale lilipokaa siku zote, kando ya jiko la mama, na baba alikuwa mezani anakunywa uji. Dereva alikuwa amemletea jirani mchanga, akaingia bomani kwetu kugeuza, akarudi nyuma bila kutazama. Mlango wa nyuma wa kushoto ukabonyea pamoja na madigadi yake, na rangi ikachubuka hadi bati likaonekana. Dereva akaomba msamaha, mama akamfokea kisha akamsamehe. Jambo lingeishia hapo kama baba angekuwa baba yule wa zamani.

Lakini ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na akili ya baba ilikuwa imeanza kulegea. Hakuna aliyetupa jina la ugonjwa huo. Hospitali ya Homa Bay walisema ni uzee, wakampa vitamini. Kanisani walisema tuombe. Wengine walisema pembeni, kwa sauti ya kutosha ili tusikie, kwamba kuna mtu alimtupia kitu. Alianza kwa kupotea akitoka sokoni, njia aliyoipita tangu ujana, tukamkuta amekaa karibu na ziwa akiwauliza wachuuzi wa dagaa wa omena nyumbani kwake ni wapi. Baada ya hapo mama aliuficha ufunguo wa gari ndani ya debe la unga. Hakumzuia kukaa ndani ya gari, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee kilichomtuliza. Kila asubuhi baba alikaa nyuma ya usukani, akashusha kioo, akawasalimia wapita njia, na waliomfahamu walimwitikia safari njema.

Lilikuwa gari la Kifaransa la miaka ya sitini, lenye mgongo mrefu, lile ambalo enzi hizo ukiliona limebeba jeneza juu ya keria ulijua marehemu alikuwa mtu wa maana. Baba alilinunua kwa meneja wa kiwanda cha pamba aliyekuwa akihama. Lilipofika lilikuwa na rangi ya buluu ya anga. Nilipolizoea mimi, jua la ziwani lilikuwa limekwisha kulila, likawa na rangi ya shati la shule lililofuliwa miaka mingi. Baba hakukubali lipakwe upya. Alisema gari na mwenyewe wazeeke pamoja. Ndani ya gari hilo ndimo alimonifundisha kuendesha, kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Sindo, wakati ambapo msichana akishika usukani watu waliacha majembe wakaja kutazama sinema.

Asubuhi ile ya lori, baba alitoka, akauona mlango, akasimama mbele yake muda mrefu. Kisha akamgeukia mama. "Nimemgonga nani?" Mama akamweleza habari ya lori na mchanga. Akasikiliza, akakubali, akasema yule dereva hana adabu. Kesho yake alitoka tena, akauona mlango kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, akauliza tena. Mama akaeleza tena. Ikawa hivyo kila kukicha, na kila mara lile bonde la mlango lilimwambia jambo jipya ambalo maelezo yetu hayakuweza kulifuta. Kabla ya wiki kuisha alikuwa amekwisha kupata jibu lake mwenyewe. Alikuwa amemgonga mtoto. Mtoto alikuwa amekufa. Na sisi tulikuwa tunamficha.

Sasa baba alikuwa amesahau mengi, lakini mila hakuzisahau. Alijua kwamba zamani mtu aliyemwaga damu, *janek*, haingii nyumbani mwake wala hali chombo kimoja na watoto wake mpaka atakaswe. Basi akachukua mkeka, akautandika kwenye ukumbi wa jiko, akakataa kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Chakula alitaka kwenye sahani ya peke yake. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Upepo wa ziwani uliingia pale ukumbini kama unaodai chake, na baba akaanza kukohoa. Mama alilala kando yake kwenye kiti, amejifunga mashuka mawili, huku kitanda chao kiko ndani kikavu.

Mchungaji alikuja akaomba. Baba aliitikia amina vizuri sana, akamshukuru, akarudi mkekani. Mzee mmoja wa ukoo alijitolea kumfanyia utakaso wa kimila, alete mbuzi na dawa yaishe. Mama alikataa katakata. Alisema ukimtakasa mtu ambaye hajaua, umemkabidhi damu ya watu, na damu hiyo itawafuata wajukuu. Wazee wakatingisha kichwa wakaona mama ana haki. Mimi nilichukia, maana kikohozi cha baba hakikuwa kikisubiri hoja za wazee.

Nilichokuwa nacho ni wazo moja. Baba hakukumbuka ajali, aliiona. Kila asubuhi aliisoma mlangoni. Basi mlango ukirudi ulivyokuwa, hata chembe ya kovu isionekane, ataamka asikute cha kuuliza, na ataingia ndani ya nyumba. Funika kombe mwanaharamu apite, nilijiambia. Mama akalifukua debe la unga, akanipa ufunguo.

Nililipeleka gari Migori kwa sababu mbili. Nilikuwa nikifundisha shule ya msingi huko, kwa hiyo ningeweza kumkalia fundi shingoni. Na pili, gereji za Homa Bay baba angezifikia kwa miguu. Aliponiona ninaondoka nalo alinishika mkono dirishani. "Nyara," akaniita, yaani binti yangu, "usiwape polisi." Nikamwambia linakwenda sevisi.

Fundi wangu alikuwa na kibanda kando ya barabara ya kwenda mpakani. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kujisifu bila kikomo. Alipaka pikapu za wanunuzi wa dhahabu wa Masara, na kwa maelezo yake hapakuwa na mnunuzi wa dhahabu aliyekosa kumwita ndugu. "Mwalimu, mimi nilipaka gari ya DO," aliniambia siku ya kwanza, akimtaja ofisa wa serikali wa tarafa, "hadi DO mwenyewe akapita akiuliza hii ni ya nani." Nilimwambia mimi sitaki gari ambalo mwenyewe atauliza ni la nani. Alicheka, hakuelewa. Nilimweleza habari ya baba yote. Akasema pole, akaendelea kujisifu.

Kunyoosha bati alikuwa anajua. Aligonga kwa nyundo ndogo kutoka ndani, gogo la mti likikinga nje, mpaka bonde likainuka. Akajaza puti palipobaki, akasugua kwa msasa na maji, akapitisha kiganja akiwa amefumba macho. Taabu ilianza kwenye rangi. Alifungua kifuniko cha tangi la petroli akanionyesha buluu iliyokuwa imejificha pale chini, changa kabisa. "Hii ndio rangi yake. Tunachukua hii."

"Hiyo ni rangi ya kiwandani," nikamwambia. "Mimi nataka rangi ya jua."

"Rangi ya jua haiuzwi, mwalimu."

Kuuzwa kweli haikuuzwa. Tulikwenda pamoja kwenye duka la vifaa mjini, la mzee Mwislamu kutoka pwani aliyekuwa ameishi Migori hadi akawa anatukana kwa Kijaluo. Alitupimia buluu, nyeupe, nyeusi kidogo na njano kidogo kwenye makopo ya maziwa. Aliniuliza gari ni la nani. Nilipomwambia, akasema rangi mtatengeneza, lakini mgonjwa wa namna hiyo msimshtue. Nilimwona kama anaingilia yasiyomhusu. Nililipa nikatoka.

Fundi alichanganya chini ya turubai la buluu lililokuwa paa la kibanda chake. Alipaka tone kwenye kipande cha bati, akakiweka kwenye bodi, akaniita. Nikaangalia. Vilikuwa kitu kimoja. Akapuliza mlango mzima na madigadi, nami nikaenda darasani nikiwa mwepesi, hata watoto wakashangaa hawakuchapwa siku hiyo. Jioni nilipofika alikuwa amelisukuma gari nje juani. Mlango ulikuwa wa jivu. Gari zima buluu iliyochujuka, na ubavuni mlango wa jivu, kama kiraka cha suruali ya mlevi. Turubai lilikuwa limetudanganya sote wawili. Chini yake kila kitu kilikuwa buluu, hata meno ya fundi.

"Imetofautiana kidogo tu," akasema.

"Mwenye macho haambiwi tazama!" nikamfokea, na wenye vibanda vya jirani wakatoka kutazama. Nilimwambia mengi ambayo mwalimu hapaswi kusema barabarani. Sikuwa na hasira naye peke yake. Mchana huo mama alikuwa amenitumia habari kupitia kondakta kwamba baba ametoka kwa miguu kuwatafuta wafiwa, akakutwa mbali barabarani amelowa, akibisha hodi kwenye maboma ya watu na kuuliza nani amefiwa na mtoto. Na boma moja lilikuwa limefiwa kweli, mtoto wa malaria, na baba alikuwa ameomba radhi pale matangani mpaka vijana wakataka kumpiga.

Fundi aliposikia hilo aliacha utani. Alivua turubai lake mwenyewe, akafanya kazi juani akiwa amejifunga shati kichwani. Alitengeneza vibati vingi, akivikausha kwanza, kwa maana rangi mbichi husema jambo na kavu ikasema jingine. Tuliviangalia asubuhi kabla sijaenda shule, tukaviangalia tena saa sita, kwa sababu kilichokubali asubuhi kilikataa adhuhuri. Njano ikizidi gari lilikuwa kijani. Nyeusi ikizidi tulirudi kwenye jivu. Hatimaye kimoja kikazama kwenye bodi, ukikiweka hukioni. Akapuliza, akaacha ikauke vizuri, kisha akausugua mlango kwa msasa laini sana ili usije ukang'aa kuliko wenzake.

Siku ile nililizunguka gari nikiutafuta mlango uliogongwa, nikaukosa. Najua inaonekana ni jambo dogo. Nilishika boneti nikalia mbele ya fundi na wapita njia, na fundi akajisifu, nami nikamwacha ajisifu mpaka achoke. Nilipanga kulipeleka nyumbani Jumamosi.

Jumamosi alifika kaka yangu. Alikuwa kifungua mimba wetu, mtu wa ofisi Nairobi, na alikuwa amesafiri usiku kucha baada ya mama kumpigia simu kutoka duka la jirani. Nilimpeleka kibandani kwa furaha. Alilizunguka gari kama nilivyolizunguka mimi, mikono mfukoni. Kisha akauliza kazi yenyewe iko wapi.

"Huioni," nikasema. "Ndiyo kazi yenyewe."

"Nyaminwa," akaniambia, yaani dada yangu, "mzee hawezi kukaa ndani ya gari limechujuka hivi, kama mtu asiyezaa. Watu wanapita pale barabarani. Watasema nini? Watoto wako Nairobi, wako Migori, na gari la baba yao ni kama sufuria ya matanga." Akamgeukia fundi. "Paka yote. Ile rangi yake ya kwanza. Ing'ae."

Macho ya fundi yaliwaka. Wiki nzima alikuwa amefanya kazi ambayo hakuna atakayeiona, na sasa alikuwa anapewa gari zima la kumtangaza mjini. "Hiyo sasa ndio maneno, brada. Hiyo ata nikiwa nimelala naeza kufanya." Wakaanza kuzungumza wao wawili.

Nilibishana. Nilimwambia kaka kwamba baba hahitaji gari jipya, anahitaji lile lile. Alisikiliza kwa upole, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema neno ambalo kwetu halina jibu: mimi nimeolewa, na mambo ya dala la baba, yaani boma lake, yanaamuliwa na mtoto wa kiume wa dala hilo. Nilikwenda posta kumpigia mama kwenye simu ya duka la jirani. Nikasikia kuku nyuma ya mama. Akasema, "Kama kaka yako amesema, basi amesema." Sisi Wajaluo tunataniwa kwamba tunapenda majivuno, na huwa nacheka na wanaonitania. Siku ile sikucheka. Mtu angeweza kufa kwa kikohozi ukumbini, na sisi tunafikiria wapita njia.

Lakini sitaki kumfanya kaka kuwa mbaya. Jioni, nyumbani kwangu, alinieleza siku gari lilipoletwa kwa mara ya kwanza, jinsi alivyokimbia nyuma yake akiwa mdogo, na baba akasimamisha akampakia mapajani. Alieleza rangi yake siku hiyo. Alifuta macho akasema ni moshi wa jiko langu. Nikajua hakuwa anapaka gari kwa ajili ya majirani peke yao.

Alirudi Nairobi kazini, na Jumamosi iliyofuata akaja tulipeleke pamoja. Ukweli niuseme, gari lilikuwa zuri. Buluu ya anga iliyofuliwa na mvua, vyuma vimesuguliwa, magurudumu meusi ti. Rongo watu walituashiria. Askari wa barabarani alitupigia saluti kabla hajatazama ni nani aliye ndani. Niliendesha mimi, kaka amekaa kando yangu amevaa suti, na kwa muda kidogo hata mimi nikaamini. Nilijiambia kwamba kovu halipo, na hilo ndilo lililokuwa muhimu.

Tuliingia bomani baba akiwa amekaa kwenye mkeka wake. Alisimama mara moja. Alikuwa amekonda, koti limemning'inia. Alilitazama gari, akatutazama sisi tukishuka, mwanamume na mwanamke waliovaa vizuri. Mpaka siku ile, katika usahaulifu wake wote, alikuwa hajakosea mtoto wake hata mmoja. Alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akaja polepole akasimama mbali kidogo, kama mtu asiye na haki ya kusogea.

"Nyinyi ndio wazazi wa mtoto," akasema.

Kaka akacheka kwa hofu. "Baba, ni mimi. Ni sisi. Tumekuletea gari lako."

"Gari langu polisi wamelichukua," baba akasema. "Ni haki yao. Lilikuwa kuukuu, buluu iliyochakaa, na ubavuni lina alama ya mtoto wenu. Nilijua mtakuja. Nimewatafuta sana."

"Baba, hujaua mtu!" Kaka alipaza sauti, na sauti ilipasuka katikati. "Angalia! Mlango uko sawa! Hakuna alama!"

Baba alirudi nyuma hatua, akainama. Alidhani ni ukali wa mfiwa. "Una haki, mwanangu," akamwambia kaka, kama mzee anavyomwita kijana yeyote. "Ukitaka kunipiga, una haki. Nimezaa watoto pia." Kisha akanigeukia mimi, na magoti yake yakaanza kukunjika, akashika ardhi kwa mkono mmoja. "Mama, sikumwona. Naapa sikumwona. Siwezi kuingia kwangu kabla hujaniambia neno."

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mkono mdomoni. Kaka alikuwa amegeuka, ameegemea lile boneti linalong'aa, mabega yakimtikisika. Mimi nilimtazama baba yangu aliyepiga magoti mbele yangu. Kwetu mzazi hampigii mtoto magoti, ni mkosi, na sikuwa na nguvu ya kumwinua na kumweleza habari ya lori na mchanga. Ilikuwa imeelezwa mara ngapi. Alikuwa anataka neno moja, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kumpa, kwa sababu mama aliyefiwa na mtoto huyo hakuwepo.

"Tumekusamehe, mzee," nikasema. "Mtoto tumeshamzika. Ingia nyumbani kwako, unaumwa."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alilia kidogo, kimyakimya, kisha akainuka, akajipangusa magoti, akavuka kizingiti. Usiku huo alilala kitandani kwake. Baada ya siku kadhaa kikohozi kilipungua, na mama aliwaambia watu kanisani kwamba ni muujiza, na watu walisimama barabarani wakalisifu gari ambalo baba hakukaa ndani yake tena hata siku moja.

Aliishi miaka mingine kadhaa. Kaka alimjua, baada ya muda. Akija alimwita kwa jina lake na kumuuliza habari za Nairobi. Mimi hakunijua tena. Kila nilipoingia bomani alisimama, akavua kofia, akaniambia pole sana mama kwa mtoto wako. Nami kila mara, mpaka tulipomzika, nilimjibu kama wafiwa wanavyojibu, kwamba nimeshapoa.